Bili ya joto imeruka vuli hii? Anza na mita kabla hujagusa thamostati

Kwenye nchi za baridi, majani ya vuli yakianza kupukutika na asubuhi ukipumua mvuke unatoka mdomoni, kila nyumba inawasha joto karibu wiki ile ile, mfumo uliolala miezi mitano unaamshwa siku moja kwa kubonyeza kitufe na hakuna aliyeuangalia, halafu bili ya kwanza ikija watu wanashika vichwa. Kinachofuata nakijua manake nimekiona nyumba nyingi pamoja na ya kwangu: watu wanaanza kulaumiana, nani kafungua dirisha, nani anaoga muda mrefu, watoto wanaambiwa wavae masweta mawili mawili, kumbe kosa lenyewe limekaa kimya nyuma ya boila, ile mashine inayochemsha maji ya kupasha nyumba, au kwenye radieta, lile bamba la chuma ukutani linalopitisha maji hayo, ya chumba cha mwisho.

Hilo kosa linatafutika, na vuli ndio wakati wake, baridi bado ni ya wastani, ukizima mfumo masaa mawili hakuna anayeumia, na mafundi bado wanapokea simu.

Ila kuna kitu kimoja kinatangulia. Kama nyumba yako inatumia gesi, mafuta, kuni au makaa, na mkiwasha joto watu wanaumwa kichwa, wanapata kizunguzungu na kichefuchefu, halafu mkitoka nje mnapata nafuu, usiendelee kusoma hapa. Zima, fungua madirisha, tokeni wote, pigeni simu ya dharura mkiwa nje. Hiyo ni dalili ya kabonimonoksidi, gesi ya sumu, haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Mwali wa boila ambao siku zote ni wa bluu ukigeuka njano, au ukiona masizi pembeni ya boila, chukulia uzito ule ule. Na kile king'ora chake cha kubandika ukutani kigeuze uangalie nyuma, kina tarehe ya kuisha, watu wengi wamebandika kilichokufa zamani.

Bili imepanda ila matumizi yetu ni yale yale

Usiangalie pesa kwanza, angalia uniti. Bili ina vitu viwili vinavyozidishana, uniti ulizotumia na bei ya uniti, na kimoja kikipanda dawa yake sio dawa ya kingine. Kama uniti ziko vile vile na bei ndio imebadilika basi hita yako haina kosa lolote, we zungumza na kampuni ya umeme au gesi kuhusu mkataba. Angalia pia bili ni ya siku ngapi, ya siku 35 lazima iwe kubwa kuliko ya siku 28. Halafu tafuta kama kuna neno makadirio karibu na namba ya mita, manake kama hawakusoma mita walikisia, na makisio ya vuli yanakosea pande zote mbili, unaweza kulipa kidogo sasa hivi halafu baadaye wakakuletea deni lote kwa mkupuo. Soma mita yako mwenyewe, piga picha, watumie.

Na kosa la kulinganisha ni kubwa sana hapa. Watu wanachukua bili ya Oktoba wanaiweka pembeni ya Agosti, sasa hapo unapima nini, Agosti hukuwasha kitu. Linganisha na vuli ya mwaka jana, na ukumbuke kama mwaka jana baridi ilichelewa kuja.

Uniti zikiwa zimepanda kweli, sasa nenda kwenye mita usiku watu wamelala. Mita nyingi za umeme za kisasa zina kataa (yaani taa ndogo) kanakopepesa na pembeni pameandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kakipepesa mara 1000 umekula uniti moja. Shika simu, pima sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata, chukua 3600 gawanya kwa hizo sekunde, jibu ni wati zinazotembea ndani ya nyumba muda huo huo. Sekunde 36 ni wati 100, hiyo ni friji na vidude vidogo vidogo, sawa. Sekunde 9 ni wati 400, anza kujiuliza. Ikiwa ni chini ya sekunde mbili kuna kitu cha kuchemsha kimewaka mahali, karibu hakuna kingine ndani ya nyumba kinachokula hivyo. (Kama mita yako imeandikwa namba nyingine badala ya 1000 hesabu inabadilika, soma vizuri.)

Kwangu vuli moja ilikuwa saa tano usiku, kila kitu kimezimwa, kataa kanapepesa karibu kila sekunde moja na kidogo, nikapiga hesabu nikapata kama wati 3000. Nikaanza kushusha swichi za kwenye boksi la umeme moja moja, jikoni hamna mabadiliko, sebuleni hamna, nilipofika ile isiyoandikwa jina taa ikapoa. Ilikuwa ni koili ya umeme ndani ya tanki la maji moto, swichi yake iko ndani ya kabati nyuma ya mashuka. Fundi aliyekuja kiangazi kutengeneza boila aliiwasha ili tusikose maji ya moto kwa siku mbili, akaondoka bila kuizima wala kutuambia, na miezi yote ile tanki lilikuwa linachemshwa na umeme, boila ya gesi ikifika zamu yake inakuta maji tayari ya moto. Hakuna sweta lingetibu hilo.

Gesi nayo ipime hivyo hivyo. Zima kila kinachotumia gesi, soma mita, subiri saa moja, soma tena. Ikisogea wakati kila kitu kimezimwa kabisa, funga valvu kuu, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, toka nje ndio upige simu. Na usichanganyikiwe na namba, mita ya gesi mara nyingi inahesabu mita za ujazo wakati bili inakuja kwa kilowati-saa (ndio zile uniti), mita moja ya ujazo inatoa kama 10 au 11 hivi.

Tulinunua hita ya kuchomeka ili kubana matumizi, bili ikapanda zaidi

Hili linaniuma kwa sababu wanaonaswa ni wale wanaojitahidi kubana. Kwenye boksi inaandikwa inatumia umeme kidogo, sijui ina teknolojia gani, lakini hita zote za umeme za kawaida, ya feni, ya mafuta, ya paneli, ya kauri, zinageuza karibu umeme wote kuwa joto. Zote. Uniti moja ikiingia inatoka uniti moja ya joto, ya bei rahisi na ya bei mbaya sawa sawa. Ya mafuta inabaki na joto ukishaizima ndio, lakini lile joto uliliingiza mwenyewe dakika ulizokuwa unaisubiri ipate moto.

Hesabu iko hivi: wati 2000 kwa masaa 5 ni uniti 10, kwa siku 30 ni uniti 300. Zidisha kwa bei yako ya uniti na uiandike mahali unapoiona. Kwenye sehemu nyingi uniti ya umeme ni ghali kuliko ya gesi, mara mbili, tatu, hata zaidi, kwa hiyo hita ya kuchomeka inakusaidia pale tu inapochukua nafasi ya joto la nyumba nzima, yaani uko peke yako chumba kimoja na kwingine kote umeshusha. Ukiiwasha juu ya joto la kawaida umeongeza bili tu.

Kwa mtu mmoja aliyekaa dawatini chumba kikubwa, ya mionzi ndio nzuri, ile inayong'aa, kwa sababu inakupasha wewe moja kwa moja bila kusubiri hewa ya chumba kizima. Ya feni ni ya bafuni kwa dakika 10, lakini iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya bafu na imefungwa ukutani.

Harufu ya vumbi kuungua siku ya kwanza ni kawaida, inaisha baada ya muda mfupi. Harufu ya plastiki sio kawaida, chomoa. Na tafadhali usiichomeke kwenye ekstensheni, hasa ile ya kuviringisha ikiwa bado imeviringwa, waya unapata moto katikati ya lile viringo ambako huoni. Chomeka ukutani, halafu baada ya nusu saa gusa plagi, ikiwa inaunguza mkono soketi ina shida.

Radieta: iguse kwa mkono kabla hujamwita mtu

Washa mfumo, subiri nusu saa, pita kila chumba na kiganja chako, juu, katikati, chini. Mkono wako utakwambia karibu kila kitu.

Juu baridi na chini moto ni hewa. Imejikusanya juu ndani ya radieta na maji ya moto hayawezi kupanda. Zima mfumo, ngoja ipoe, hili usiliruke manake maji yake yanaunguza na pampu ikiwa inazunguka inaweza kuvuta hewa zaidi. Kwenye kona ya juu kuna kitundu chenye kichwa cha pembe nne, kuna kaufunguo kake maalumu, weka kitambaa chini na kikombe, zungusha kinyume cha saa taratibu, robo mzunguko mpaka nusu inatosha. Utasikia ssss, hiyo ni hewa inatoka na ina harufu kama ya chuma kilichokaa majini. Ssss inaanza kukatikakatika, matone yanaruka, halafu maji yanatoka mfululizo, funga hapo hapo, usikaze kwa nguvu zako zote. Angalia kitambaa. Maji yakiwa ya kahawia kidogo sio mbaya, yakiwa meusi kama wino shikilia hiyo taarifa tunaihitaji hapo chini. Ukimaliza nyumba nzima angalia geji ya presha kwenye boila, mara nyingi itakuwa imeshuka.

Chini baridi hasa katikati, na juu moto, hapo ni tope. Chuma cha ndani kinaliwa taratibu na maji kinaacha unga mweusi mzito ambao unakaa chini, ndio yale maji meusi kwenye kitambaa. Kutoa hewa hakusaidii hapa hata ufanye mara kumi. Radieta inatakiwa kuvuliwa na kusafishwa, au mfumo wote usukumwe maji ya kuusafisha, halafu iwekwe dawa ya kuzuia kutu na chujio lenye sumaku. Hii ni kazi ya fundi, na ni pesa, lakini kama radieta tatu au nne ziko hivyo unachoma gesi kupasha tope.

Radieta moja baridi yote huku zingine ziko vizuri, hii ndio ya vuli hasa. Ile valvu ya pembeni yenye namba 1 mpaka 5 ilifungwa kiangazi chote, kipini chake cha ndani kimenasa. Fungua mpaka namba ya juu kabisa, kisha zungusha kichwa chake ukitoe, utakiona kipini kidogo kimesimama. Kibonyeze kwa kitu bapa, kinatakiwa kushuka milimita chache na kurudi chenyewe. Kikiwa kimekwama chini kigonge pembeni polepole, weka tone la mafuta ya kulainishia, bonyeza tena na tena mpaka kirudi. Usikivute kwa koleo, kikitoka maji yatakufuata. Mwaka unaokuja ukizima joto acha hizo valvu wazi kabisa, hakitanasa tena.

Za karibu na boila zinaunguza na za mwisho ni vuguvugu: maji yanapita njia ya mkato. Zile za karibu zinahitaji kubanwa kidogo kwenye valvu ya upande wa pili, ile yenye kifuniko, ili maji yafike mbali. Kazi ya uvumilivu, robo mzunguko kwa wakati mmoja.

Na zote zikiwa vuguvugu lakini nyumba ina joto la kutosha, hakuna tatizo. Radieta sio lazima iunguze mkono.

Boila inawaka inazima, inawaka inazima

Wengi wanadhani imeharibika, wakati imewekwa kwa ajili ya baridi kali na inafanya kazi kwenye vuli. Maji yanatoka yakiwa na nyuzi 75 au 80, nyumba haihitaji joto lote hilo, yanarudi bado ya moto, boila inazima, dakika tatu baadaye inawaka tena. Shusha joto la maji yanayoenda kwenye radieta (sio ya bomba la kuoga, hayo yana kitufe chake) mpaka 55 au 60, na vuli ya upole hata 50. Kama una boila ya kisasa inayokusanya joto la mvuke, ile yenye kabomba ka plastiki kanakotoa maji nje, faida ni kubwa zaidi, kwa sababu ule mvuke unageuka maji na kutoa joto lake pale tu maji yanayorudi yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi. Ukiiacha 80 ulilipia boila ya kisasa unatumia kama ya zamani. Ila kama una tanki la maji moto, lenyewe liache lifike 60, chini ya hapo kwa muda mrefu bakteria wa lejionela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, wanaweza kuzaliana.

Presha ikiwa imepoa iwe kati ya bari 1 na 1.5. Ikishuka chini ya 1 boila nyingi zinagoma kuwaka, ongeza maji kwa kale kabomba ka kujazia, polepole, funga vizuri. Kuongeza mara moja baada ya kutoa hewa ni sawa, kuongeza kila wiki maana yake panavuja, tafuta madoa chini ya radieta na kwenye maungio. Na kama ikipata moto presha inapanda mpaka karibu na 3 halafu ikipoa inaanguka, na kuna bomba nje ya ukuta linadondosha maji, mwambie fundi aangalie tangi la upanuzi, hewa yake imekwisha.

Pampu ya joto inakula umeme kama hita ya kawaida

Pampu ya joto ni ile mashine inayovuta joto la hewa ya nje na kuliingiza ndani, na iliyo nzuri kwenye vuli inatoa uniti 3, hata 4 za joto kwa kila uniti 1 ya umeme, vuli ndio msimu wake kwa sababu hewa ya nje bado haijawa baridi sana. Kama haikupi hivyo, kitu cha kwanza cha kuangalia ni hita ya akiba iliyo ndani yake, ile koili ya umeme ya kusaidia siku za baridi kali. Kwenye skrini kuna masaa iliyofanya kazi, kayatafute. Koili ya kilowati 6 ikiwaka masaa 5 kwa siku ni uniti 30 kila siku, joto lile lile pampu ingelitoa kwa uniti 10 hivi. Mara nyingi inawashwa na vitu viwili: maji yamepangwa yawe ya moto kupita kiasi, au wenye nyumba wanaizima usiku na asubuhi wanadai joto la haraka. Hii mashine sio ya kuzima na kuwasha, iache itembee taratibu, usiku shusha nyuzi moja au mbili tu.

Ule moshi mweupe unaotoka kwenye kifaa cha nje mara moja moja ni mvuke, inayeyusha barafu yake, iache. Barafu isiyoondoka ndio kosa, na majani ya vuli yaliyoziba mapezi ya nyuma pia, yaondoe kwa mkono.

Joto linapanda vizuri halafu linapotea

Chukua karatasi laini ya chooni, kata ukanda mwembamba, siku ya upepo pita nao pembeni mwa madirisha, chini ya milango, kwenye mfuniko wa kwenda darini, matundu ya mabomba chini ya sinki. Ukanda ukicheza, hapo pana upepo unapenya. Ziba kwa mpira wa kubandika au brashi ya mlango, ni kazi ya jioni moja. Matundu ya hewa yaliyowekwa makusudi usiyazibe, hasa kwenye chumba chenye jiko au boila, moto ukikosa hewa ya kutosha ndio unatoa ile kabonimonoksidi ya kule juu.

Pazia linaloshuka mbele ya radieta linapeleka joto dirishani. Kochi lililobanwa kwenye radieta linapasha kochi. Thamostati, kile kifaa cha kupangia joto la nyumba, ikiwa karibu na mlango wa nje inahisi baridi ambayo sebule haina, na iliyo juani au karibu na taa inadanganywa kinyume. Na kuiweka 30 ili nyumba iwahi kupata joto haifanyi kazi na mfumo wa kawaida, spidi ni ile ile, tofauti ni kwamba inapitiliza ukisahau.

Kushusha nyuzi moja kunapunguza matumizi ya joto kwa kama asilimia 6 au 7 hivi. Lakini usishushe mpaka mama mzee anatetemeka, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa nyumba wa 2018 lilitaja nyuzi 18 kama kiwango salama kwa nchi za baridi, na wazee, watoto wachanga na wagonjwa wanahitaji zaidi ya hapo.

Madirisha yanatoka jasho, kuvu nyeusi kwenye kona

Unyevu unatoka kwenu wenyewe, kupika, kuoga, kupumua, na nguo kuanikwa juu ya radieta. Nunua kale kakipimo ka unyevu, kasome kati ya asilimia 40 na 60. Ikizidi fungua madirisha wazi kabisa pande mbili kwa dakika 5 mpaka 10, joto likiwa limezimwa, kisha funga. Hewa inabadilika, kuta zinabaki na joto lao. Kuacha dirisha moja na upenyo mdogo mchana kutwa ndio kunapoteza, ukuta wa pembeni unapoa na kuvu inaota hapo hapo. Chumba kisichotumika usikizime kabisa, unyevu wa nyumba nzima unakwenda kutua humo.

Ukimpigia fundi

Baada ya hapo kama mita bado inakimbia, mpe namba badala ya kumwambia hita haifanyi kazi: presha ikiwa baridi na ikiwa moto, joto la maji yanayotoka na yanayorudi, radieta ipi iko baridi sehemu gani, rangi ya maji kwenye kitambaa, namba ya kosa kwenye skrini, na uniti za siku saba ulizoandika kila asubuhi saa moja. Akija simama naye, na kabla hajaondoka muulize ni swichi zipi kaziwasha.